Mtu kaumbwa na choyo: ni haki kumdai amvute hasimu wake baharini?

Mvuvi_Sahare
Assalaam alaykum wakubwa. Hapa Tanga kwenye diko letu la wavuvi tunaandika kanuni za kikundi. Kipengele kimoja kinasema anayekuta chombo kimezima mashine lazima akivute, hata kama na mwenyewe wana ugomvi. Wapo wanaopinga: mtu kaumbwa ajipendelee, utamdai vipi amwokoe adui?

Mwl_Chumbageni
Wa alaykum salaam. Kutotaka na kutoweza ni mambo mawili. Asiyejua kuogelea hadaiwi kupiga mbizi, lakini mchoyo mwenye petroli, kamba na mashine nzima anaweza kuvuta. Anachokosa ni hamu, na hamu si sharti la wajibu. Nani analipa deni kwa kuwa ana hamu nalo? Kurani nayo haikuificha tabia hii. Al-Maarij aya ya 19 inasema mtu kaumbwa na pupa, na bado Fussilat 34 inaamrisha uovu uondolewe kwa lililo jema zaidi. Aya ya 35 inaongeza kwamba hilo hawalipati ila wenye subira. Basi kumpenda adui msikuandike kwenye kanuni. Andikeni kitendo.

Nahodha_Kigombe
Mwalimu kasema. Mkataba wa Brussels wa 1910, ibara ya 11, unamlazimu nahodha amsaidie kila aliye hatarini kupotea baharini, hata akiwa adui, ilimradi asikitie hatarini vibaya chombo chake na watu wake. Ukomo huo uandikeni, maana ndio unaomlinda mvutaji. Kusi ikichafuka, pakia watu, chombo kiache. Pakiwa shwari, vuta polepole kwa kamba ndefu iliyofungwa omo, yaani mbele, ya chombo kinachovutwa. Kamba fupi hukaza ghafla kila wimbi, ikakatika au ikang'oa ilipofungwa.

Mafuta yarudishwe na mfuko wa kikundi siku hiyo hiyo. Mkimwachia aliyevutwa alipe, mmewakutanisha mahasimu wagombane upya juu ya lita tano.

Hesabu_Pongwe
Hapo kwenye mfuko ndipo choyo kinapogeuka msaada. Robert Axelrod, Mmarekani, alishindanisha programu za kompyuta mbili mbili, kila pambano raundi 200, na kila raundi programu inachagua kumsaidia mwenzake au kumtupa. Wakisaidiana, kila mmoja pointi 3. Wakitupana, 1 kwa 1. Msaliti hupata 5 na aliyesalitiwa 0. Iliyoshinda ilikuwa ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mlipe mwenzio alivyokutendea mara iliyopita. Haimpendi mtu, inahesabu tu. Wawili wa namna hiyo humaliza na 600 kila mmoja, wanaotupana 200.

Kasoro yake ni hii: kosa moja likitokea, wawili hao hulipizana bila kukoma. Dawa ni kusamehe mara moja katika tatu hivi. Kwa hiyo asiyevuta mara ya kwanza msimfukuze kikundini. Mtozeni faini, akivuta siku nyingine afutiwe.

Mvuvi_Sahare
Nimewaelewa, shukrani sana. Na akidai hakuona?

Nahodha_Kigombe
Tajeni ishara kwenye kanuni: mikono miwili imenyooshwa pembeni, ikipandishwa na kushushwa taratibu, tena na tena. Ni ishara ya hatari inayotambulika baharini duniani kote. Usiku, tochi. Wafundisheni wote siku ya kutia saini, wapo dikoni pamoja, pamoja na hao wasiosemezana.