Kisanduku cha Japani rangi inabanduka, nipige vanishi?

Mwana_Unyanyembe: Habari wadau, marehemu babu alituachia kisanduku cha mbao alicholetewa kutoka Japani, cheusi kinang'aa mpaka unajiona, mfuniko una maua ya dhahabu, sasa kiangazi hiki hapa Tabora rangi imepasuka pembeni inabanduka vipande vidogo kama magamba ya samaki, fundi mmoja kaniambia nipige msasa halafu vanishi kama kabati la mninga. Nifanye hivyo?

FundiMninga: Usiguse msasa ndugu yangu!! Kama ni kazi ya zamani hiyo sio vanishi ya dukani, ni utomvu wa mti, wenyewe wanaita urushi, unapakwa mwembamba mara nyingi, kila mara wanasubiri ukauke ndo wanasugua wanapaka tena. Na hauivi kwa jua kama vanishi zetu, unataka sehemu yenye unyevu ndo unakuwa mgumu. Hayo maua ni unga wa dhahabu unaonyunyizwa utomvu ukiwa bado mbichi, inaitwa maki-e, ukisugua umeyafuta moja kwa moja.

Binti_Sikonge: Nakazia. Ukavu wa kiangazi ndo unaoumiza, mbao inasinyaa rangi inapasuka. Mti wenyewe ni ukoo mmoja na mkorosho, utomvu mbichi unababua ngozi kama mafuta ya ganda la korosho. Kiondoe juani, futa kwa kitambaa laini kikavu tu, na vipande vilivyobanduka vitunze kwenye bahasha.

Mwana_Unyanyembe: Asanteni sana, kilikuwa dirishani, nishakihamisha.