Godi alikuwa peke yake juu ya mti: je, vita huanzia kwenye upweke?

Msafiri wa Ujiji

Wenzangu wa tangu shule, leo naomba niwachokoze kwa jambo zito kidogo. Tarehe 7 Januari 1974, katika Hifadhi ya Gombe, ambayo sisi wa Kigoma huifikia kwa boti ya kupita kandokando ya ziwa, sokwe dume aliyepewa jina la Godi alikuwa juu ya mti akila matunda peke yake. Madume sita wa kundi la Kasekela walikuja kutoka kaskazini kimyakimya, bila yale makelele yao ya kawaida, wakamkamata kabla hajapata njia ya kukimbia. Mmoja alimkandamiza chini kwa kumshika miguu, na wengine wakampiga na kumng'ata kwa muda wa dakika kumi hivi. Aliyeyaona hayo kwa macho yake alikuwa Hilali Matama, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akifanya kazi na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe. Godi aliondoka akijikokota, wala hakuonekana tena.

Kinachonikosesha usingizi si kile kipigo. Ni kwamba miaka michache tu kabla ya siku hiyo, Godi na hao waliomshambulia walikuwa kundi moja, wakichambuana manyoya na kulala miti ya jirani. Kundi likagawanyika, wachache wakahamia bonde la Kahama, humo humo Gombe upande wa kusini, na ndani ya miaka minne madume wote wa Kahama wakawa wameuawa au wametoweka. Mzee Goliath, ambaye zamani ndiye aliyekuwa kiongozi wa wote, aliuawa mwaka 1975 na vijana waliokulia mbele ya macho yake.

Swali langu ni hili. Tukiwatazama hawa jamaa zetu wa karibu, je, tuseme kwamba vita vimo katika damu ya mtu, na kwamba amani ni nguo tu tunayoivaa mchana? Na kwa nini anayeanza kuangamia huwa ni yule aliyekutwa peke yake? Mpiga Soga, tafadhali usijibu kwanza. Waache wenye akili watangulie.

Mpiga Soga

Nimesubiri dakika nne nzima, na kwa kuwa wenye akili hawajatokea, nalazimika kuanza mimi.

Ndugu yangu Msafiri, wewe unaona fumbo mahali ambapo mimi naona hesabu ya darasa la pili. Sita kwa mmoja maana yake ni kwamba katika hao sita hakuna hata mmoja atakayerudi nyumbani na jeraha la maana. Sokwe hao hao, wakikutana na kundi lenye idadi sawa na yao, aghalabu hupiga kelele, hutikisa matawi, kisha kila upande ukarudi kwao ukijisifu. Kwa hiyo hawana kiu ya damu. Wana uoga uliojua kupiga hesabu. Shuleni tuliimbishwa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba wimbo huo Kasekela waliuelewa vizuri kuliko sisi.

Tena vita vya watu si hasira ya wanaume wawili. Mtakumbuka kwamba mwaka 1978 nduli Iddi Amin, aliyekuwa bingwa wa ndondi wa Uganda miaka ya hamsini, alitangaza kwamba yuko tayari kumalizana na Mwalimu Nyerere ulingoni, refa akiwa Muhammad Ali. Watu walicheka, lakini mimi hujiuliza: kama vita vingekuwa ni maumbile tu, si pambano hilo lingetosha? Ng'o. Vita vinataka malori, unga, redio, na karani wa kuandika nani amepewa bunduki namba ngapi. Sokwe hana karani.

Kuhusu upweke, mimi ndiye mtaalamu pekee hapa, kwa kuwa naishi Uingereza katika chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Nchi hii mwaka 2018 iliteua waziri wa kushughulikia upweke, na Wajapani nao wakateua wao mwaka 2021. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, aliuliza kama waziri huyo huja kula na watu, au huwaandikia barua tu. Nilishindwa kumjibu.

Mama Shamsa

Wanaume, salaam. Nawasoma kutoka Nairobi, na kama kawaida mmeshahukumu binadamu wote kwa kesi ya madume sita.

Kwanza, wapo watafiti waliodai kwamba vita vya Gombe vilichochewa na ndizi, kwa sababu kambi ya utafiti ilikuwa ikiwagawia sokwe ndizi kwa miaka mingi, na kila penye mgawo pana ugomvi. Hoja hiyo ilinipendeza mno, nami niliishikilia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliokusanya habari za jamii 18 za sokwe kutoka pande mbalimbali za Afrika, ukaonyesha kwamba mauaji hayafuatani na kusumbuliwa na watu. Yanafuatana zaidi na wingi wa madume na msongamano wa sokwe wenyewe. Basi, nikaiweka chini hoja ya ndizi, ingawa kwa shingo upande.

Lakini utafiti huo huo uliwatazama pia bonobo, ambao ni jamaa zetu wa karibu sawasawa na sokwe, na ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Kongo, kusini mwa mto mkubwa. Kwao mauaji ya namna hiyo karibu hayapo. Makundi mawili yakikutana msituni, mara nyingi huchanganyika, wakala pamoja, na majike ndio wenye neno. Sasa niambieni, kwa nini mtu akitafuta asili yake anakimbilia Gombe na kuiruka Kongo? Au ni kwa kuwa Gombe inatupa udhuru?

Na kama mnataka ushahidi wa watu, basi uko hapa kwetu Kenya, Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mwaka 2012 yaligunduliwa mabaki ya watu wapatao 27 walioishi miaka kama 10,000 iliyopita. Mifupa mingine ina alama za mafuvu kupasuliwa, na mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye mimba pevu, ambaye namna mikono yake ilivyolala inafanya adhaniwe kwamba alikuwa amefungwa. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu baadhi ya alama hizo, lakini tuseme ni kweli. Hapo palikuwa ufukwe wa ziwa wenye samaki, wanyama na maji. Yaani palikuwa na kitu cha kunyang'anya. Mimi nasoma hapo habari ya mali, wala sioni habari ya damu.

Kisha mmelisahau lile la upweke ambalo ndilo swali lenyewe. Kila wiki napita Kariokor, mtaa uliorithi jina lake, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mamia ya maelfu ya watu walibebeshwa mizigo kuwafuata askari waliokuwa wakimwinda von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na wengi waliokufa hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa, mmoja leo, mmoja kesho, kando ya njia. Katikati ya mji wetu kuna sanamu zao, na maandishi yanayowaita mikono na miguu ya jeshi, yakiahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe kwa sehemu kubwa hayakuandikwa mahali popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa hilo. Kwa hiyo, Msafiri, sokwe wako Godi ana jina, ana tarehe, na ana shahidi. Mpagazi wa Kariokor hana hata kimoja.

Kahawa Chungu

Mama Shamsa, umetunyamazisha, na kumnyamazisha Mpiga Soga si kazi ndogo. Mimi naomba nije na habari ya nyumbani, maana nyinyi mnazungumzia vita vya miaka 10,000 iliyopita ilhali vyetu vya Kagera vimekaa sebuleni kwetu Bukoba hadi leo.

Mjomba wangu aliingia mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Amin kuvamia hadi mto Kagera na daraja la Kyaka kubomolewa. Ile hotuba ya Mwalimu, ya kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, aliisikia akiwa amesimama dukani kwa mtu pamoja na watu zaidi ya ishirini waliolizunguka redio moja, na anasema kwamba kabla hotuba haijaisha, mtu wa kushoto kwake, ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, alikuwa ameshamshika mkono. Walikwenda pamoja. Walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kutoka Mutukula hadi Masaka, wakapita Lukaya, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo huniumiza kulisema. Mjomba hakuwahi kusema kwamba vita vilikuwa vibaya. Amesema kuhusu maiti, amesema kuhusu sauti ya makombora ya Saba Saba usiku, na mara moja tu, akiwa amelewa lubisi, alisema kuhusu Mutukula, ambako mwezi Januari watu wetu, kwa kisasi cha Kagera, waliusawazisha mji kwa tingatinga na wakaua raia pia, mpaka Mwalimu alipopata habari akatoa amri kali kwamba raia na mali zao wasiguswe. Lakini ukimwuliza kama angependa yasingetokea, hunyamaza, kisha husema: "Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na watu kama nilivyokuwa nao njiani kwenda Kampala."

Aliporudi, nchi ilikuwa imetangaziwa miezi 18 ya kufunga mkanda, na hiyo miezi 18 wote tunajua ilivyorefuka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza. Mke alimwekea kitanda kizuri, lakini kwa karibu miaka miwili alikuwa akitoka usiku na kwenda kulala kwenye ghala la kahawa karibu na mlinzi. Sisi watoto tulidhani amepewa kazi ya kulinda. Baadaye mama alinieleza kwamba mjomba alikuwa hawezi kusinzia mpaka asikie mwanamume mwingine akikohoa gizani.

Ndiyo maana, Mpiga Soga, hesabu yako ya sita kwa mmoja naikubali lakini hainitoshi. Wewe umewahesabia hao sita wasichopoteza. Mimi nataka kujua walichokipata. Nadhani walikipata kile alichokipata mjomba pale dukani kwenye redio, yaani mkono wa jirani ambaye jana hakuwa akimsalimia. Wanaotutaka vitani wanakijua kiu hicho kuliko tunavyokijua sisi wenyewe.

Msafiri wa Ujiji

Kahawa, tumejuana zaidi ya miaka thelathini na hujawahi kuniambia habari ya ghala.

Nakubali kwamba swali langu nililiuliza kichwa chini miguu juu. Nilidhani upweke ni wa yule aliye juu ya mti, na sasa naona kwamba hata wale sita yumkini kila mmoja alikuwa na wake, na pengine hakuna aliyethubutu kubaki nyuma siku ile kwa kuogopa kwamba kesho atakuwa Godi. Hilo siwezi kulithibitisha kwa sokwe. Kwa watu ninalithibitisha kila mara kijiwe kinapomsema mtu asiyekuwapo, nami huwa nacheka pamoja nao.

Lakini Mama Shamsa, bado sijashawishika na mali yako. Mjomba na jirani yake waligombana kwa mali, kisha wakapatanishwa na vita. Hapo mali imefanya nini?

Mama Shamsa

Imefanya mpaka wa shamba, baba. Na nina swali kwa Kahawa: waliporudi, ule mpaka waliumaliza vipi?

Kahawa Chungu

Jirani hakurudi, dada. Aliishia Lukaya. Mpaka uko vile vile, na mjomba hajawahi kuusogeza hata hatua moja, ingawa mjane alimwambia mara mbili kwamba achukue.

Mpiga Soga

Nilikuwa na mzaha tayari nimeuandika, nikaufuta. Kahawa, je, mjomba amewahi kwenda Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa?

Kahawa Chungu

Nilimpeleka mimi. Ndani ya basi aliniuliza kama waliozikwa pale wamelazwa kwa vikosi vyao au wamechanganywa tu. Nilimwambia sijui. Tulipofika akasema, "Basi tangulia wewe ukaangalie," akabaki nje chini ya mti, penye mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Niliporudi nilimkuta ameshanunua mkungu mzima ambao hatukuwa na namna ya kuubeba, na wawili hao wanabishana juu ya bei ya kahawa. Hakuniuliza nilichokiona, wala mimi sikumwambia, na ule mkungu tuliulipia nauli ya abiria.