Naweza kumpendekeza bibi yetu mkunga apewe HSC, ile nishani ya rais wa Kenya? Naanzia wapi?

mwana_bamba: Wadau hamjambo. Hapa kwetu kuna bibi mkunga wa jadi, kusoma hajui lakini ana daftari la hesabu, kila akizalisha anamwambia mjukuu aandike jina la mama na tarehe. Nimejaribu kuhesabu nikafika mia tatu na kitu nikachoka, na kurasa za mwanzo mchwa washakula. Tangu uzazi uwe bure hospitali za serikali 2013 hazalishi tena nyumbani, akiitwa usiku anapanda boda na mama mjamzito mpaka hospitali, nauli mfukoni mwake. Sasa kila Disemba 12 naona orodha ya waliotuzwa, wabunge na wakubwa wa ofisi ndo wamejaa. Mtu kama huyu anafikaje pale?

kaa_chonjo: Hapo sahau ndugu yangu 😂 Nishani za juu kama EGH na CBS ni za kubandika nyuma ya jina kwenye kadi ya harusi. Kipchoge alikimbia marathon kwa 1:59:40 kule Vienna, siku nane baadaye Mashujaa Day hapa Mombasa akavishwa EGH, na alistahili sikatai, lakini dunia nzima ilikuwa inamtazama kwa TV. Bibi yako nani alimwona saa nane usiku?

karani_mstaafu: Usimvunje moyo mwenzio. Kuna sheria ya National Honours ya 2013, kuna kamati inayopitia majina halafu inamshauri rais, yeye ndo anatoa. HSC ndo ngazi ya chini, juu yake OGW, MBS, EBS, CBS, kisha zile za Golden Heart kama EGH. Mimi niliwahi kuandikia mwalimu wetu mmoja, tulipitia kwa chifu na DCC (naibu kamishna wa kaunti), na kilichotuchelewesha ni ushahidi tu maana tuliandika "amesaidia jamii kwa moyo mkunjufu" ukurasa mzima, ikarudishwa. Wanataka alifanya nini, wapi, mwaka gani, nani anathibitisha. Kwa hiyo hilo daftari ni dhahabu, lipige picha ukurasa kwa ukurasa leo leo kabla mchwa hawajamaliza, halafu muombe nesi wa hiyo hospitali aandike barua, hao wanamjua. Na usijitie kuchagua ngazi, hiyo waachie wao.

salma_k: Naongezea, si lazima mtu awe na jina. 2020 Madaraka Day yule mtoto wa Bungoma wa miaka 9 aliyetengeneza mashine ya mbao ya kunawa mikono wakati wa korona alituzwa na rais. Ila fanyeni haraka bana. Mwalimu Salah Farah, yule Mwislamu aliyekataa magaidi wawatenganishe na abiria Wakristo kwenye basi la Mandera 2015, OGW yake ilikuja akiwa ashazikwa. Medali apewe mtu akiiona.

mtu_wa_tanga: Huku kwetu kuna Nishani ya Mwenge wa Uhuru nayo ina madaraja yake, na malalamiko ni yale yale, wazee wa vijijini utawasikia kwenye hotuba tu. Poleni majirani.

kaa_chonjo: Sawa nimenyamaza. Lakini chifu akiomba "ya chai" urudi hapa utuambie.

mwana_bamba: Asanteni, karani Mungu akuweke. Jana jioni tumepiga picha kurasa zote na mjukuu, mwandiko wa mwanzo ni wa mamake, kwa penseli, mwingine hausomeki hata ukiweka tochi. Nesi amekubali barua, kumbe yeye mwenyewe jina lake limo mle ndani 😅 Shida ni kitambulisho cha bibi, tarehe ya kuzaliwa imefutika kabisa, sijui nianze na hilo au niende tu kwa chifu Jumatatu hivyo hivyo? Bibi nimemweleza, kauliza kama huko Nairobi atalipiwa nauli.

karani_mstaafu: Nenda hivyo hivyo, kopi ya kitambulisho kipya utaongeza baadaye. Nauli mwambie tutachanga.