"Gaol" ni jela au herufi zimekosewa?

Mama Stesheni, Mwanjelwa:
Wakuu, poleni na baridi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Mwanjelwa. Mzee mmoja, wakili mstaafu, kaniachia hukumu ya enzi za Mwingereza niichape upya. Kila penye jela pameandikwa "gaol". Kijana wangu kakomaa kwamba ni "goal", la mpira, anataka kuyabadilisha yote kwa mpigo. Mzee keshapanda gari la Tukuyu, simu haipatikani. Neno hilo lipo? Linasomwaje?

Mwalimu wa Uyole:
Mzuie kijana haraka! Lipo, na linasomwa "jeili", sawa kabisa na jail. Ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa na Kifaransa chao chenye g. Kifaransa cha Paris kikaleta j. Kwenye matamshi Paris ikashinda, ila makarani waling'ang'ania g yao karne na karne. Nyaraka za zamani zina jayle, jaile, gaole, kila karani na mkono wake. Mzizi ni Kilatini "cavea", tundu la kufugia ndege. Wamarekani wakabaki na jail. Waingereza waliendelea kuandika gaol serikalini hadi karne ya 20, na Tanganyika ilipata makarani wa shule hiyohiyo.

Mtoto wa Ilomba:
Kwa hiyo ukifunga gaol unafungwa wewe? 😂

Wakili, Iringa:
Dada, nakala ya hukumu haibadilishwi hata nukta. Ukikuta "gaol delivery", usidhani ni kusafirisha wafungwa. Ni majaji kuja kusikiliza kesi za waliomo mahabusu, mmoja mmoja, mpaka gereza liishe watu wa kusubiri. Natamani wangepita na huku kwetu. Barua mpya andika prison tu, gaol siku hizi utaonekana umetoka makumbusho.

Mama Stesheni:
Ndaga fijo, wote. Ila ukurasa wa tatu kuna "goal" kweli, mara moja, kwenye karatasi ya mzee yenyewe. Hiyo nirekebishe?

Wakili, Iringa:
Hapana. Karani wa zamani naye vidole viliteleza, hilo kosa ni la kawaida sana kwenye nyaraka zile. Chapa hivyohivyo, weka penseli pembeni, mzee akirudi aamue mwenyewe.

Mama Stesheni:
Sawa. Kijana kanuna.