Mjadala: Mteja anapenda vifaa vya umeme vya bei poa, au hana namna ya kuchagua?

Mleta mada:
Wakuu, kuna kauli ya wauzaji wa vifaa vya umeme nimechoka kuisikia: "Soko linataka bei poa." Ukibisha, wanakufungulia daftari la mauzo. Feni za bei ya chini zimeisha, za bei ya juu zina vumbi. Eti mjadala umekwisha hapo.

Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya vifaa hivi miaka kadhaa, na nasema daftari lile linasomwa vibaya. Mwangalieni mteja wa feni. Anaiwasha, anasikiliza inavyovuma, anatikisa shingo yake, anauliza bei. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, ni ya shaba inayodumu au ya aluminiamu ya bei nafuu? Haioni. Hata mimi niliyemuuzia sikuwa najua mpaka siku fundi alipoifungua. Sasa feni mbili zimefanana kama pacha, moja bei juu, nyingine bei chini. Kwa nini aongeze hela kwa kitu asichokiona? Mchumi George Akerlof alilieleza hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hakubali kulipa bei ya zima, na mwenye gari zima anajitoa sokoni. Ndivyo feni nzuri zinavyopotea rafuni, halafu tunasema wateja walizikataa.

Kuna na hili. Friji ya mtu anayeanza maisha na friji ya mtu ambaye ya kwanza imemfia miezi miwili baada ya waranti, zote zinaandikwa mstari mmoja: mauzo yamepanda. Huyu wa pili ametaka friji, au amekomolewa?

Muuzaji:
Mkuu, unatutwisha mzigo usio wetu. Mtu friji imekufa leo, vitu vinaharibika ndani, unataka nimfundishe habari za shaba? Anaangalia hela aliyonayo na kama itapata usafiri kabla ya jioni. Na usisahau kuna wanaobadilisha kwa kupenda tu. TV inafanya kazi vizuri kabisa, inatolewa kwa sababu imetoka yenye kioo kikubwa zaidi.

Halafu mahitaji yenyewe yanayumba kwa mambo ambayo hayahusiani na ubora. Japani serikali ilitoa pointi za kubadilisha na bidhaa kwa wanaonunua TV, friji na viyoyozi vinavyobana umeme, kuanzia 2009 mpaka 2011. Watu wakajaa madukani. Pointi zilipokwisha na matangazo ya analogia yakazimwa, soko la TV likaporomoka vibaya, maana wa kesho walishanunua jana. Mwaka 2020 ikawa hivyohivyo kwa kompyuta za mkononi: watu walifungiwa nyumbani wakanunua kwa mkupuo, baadaye wenye maduka wakabaki na stoku. Ukinunua mzigo kwa kuamini mwaka wa neema, umekwisha.

Fundi:
Naomba niingie hapa, maana mwisho wa yote vinakuja kwangu.

Wiki iliyopita nimeletewa mashine ya kufulia inayonguruma kama lori. Ugonjwa najua kabla sijaigusa: beringi iliyofungiwa ndani ya pipa. Kitu kinachoenea kiganjani, bei yake ya kawaida tu. Nageuza pipa, natafuta skrubu za kulifungua nusu mbili, hakuna. Plastiki imeyeyushwa ikagandishwa moja kwa moja. Kiwanda kinauza pipa zima, na bei yake ukijumlisha na ufundi inakaribia mashine mpya. Mama wa watu amenunua mpya. Haya, muuzaji, huyo mwandike: mteja anapenda vitu vipya.

Balbu za LED ni hadithi ileile. Ukiipasua iliyokufa, mara nyingi vitaa vyenyewe bado vizima, kilichovimba ni kapasita kwenye kasakiti kake. Na si mambo ya leo: mwaka 1924 uliundwa muungano wa viwanda vya balbu, Phoebus, uliokubaliana balbu isivuke saa 1,000, na anayevuka anapigwa faini.

Muuzaji:
Fundi, hiyo ya Phoebus huwa inasimuliwa nusu. Balbu ya waya ikitengenezwa idumu sana, waya wake hauwaki kwa joto kubwa, inatoa mwanga hafifu kwa umeme uleule. Kwa hiyo unachookoa kwenye balbu unakilipa kwenye bili. Ule muungano siutetei, ila uimara nao una gharama yake.

Mleta mada:
Hapo nakubali. Lakini bili ndiyo inayonipa hoja yangu. Zamani nani aliuliza friji inakula umeme kiasi gani? Ulaya wakabandika lebo ya matumizi ya umeme mlangoni mwa friji. Viwanda vikakimbilia alama za juu mpaka A ikabidi iongezewe A+, A++, A+++, zote zikajaa, na Machi 2021 wakalazimika kurudi kwenye A mpaka G. Kitu kilipoonekana, kikaanza kushindaniwa. Ufaransa mwaka huohuo wa 2021 wakaanza kuweka alama ya kitu kutengenezeka kikiharibika, mwisho 10, kwa simu, kompyuta za mkononi, TV, mashine za kufulia na za kukata nyasi. Ikawa inakaa karibu na bei. Kwa pipa lile la fundi, mteja angeonywa akiwa bado na hela mfukoni. Vilevile Ulaya inataka spea za mashine za kufulia zipatikane miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa.

Fundi:
Na hiyo alama ya Ufaransa, anaipiga nani?

Mleta mada:
Kiwanda chenyewe. Serikali inakuja kukagua baadaye.

Fundi:
Aaa, kumbe. Mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Mimi ningetaka kitu kimoja tu kwenye boksi: picha ya ndani, pipa likiwa limefunguliwa. Kama halifunguki, tutaona.

Muuzaji:
Picha hiyo mimi naibandika kesho. Ila uwe tayari, mkuu, wapo watakaoiangalia, watikise kichwa, na bado wachukue ya bei poa.