Nyayo zinamuwaka moto tangu aanze ARV, anataka kuacha dawa

Wakuu habari za jioni. Kaka angu ana wiki ya sita tangu aanzishiwe dawa CTC, ile kliniki ya wenye VVU, anameza ARV zinazoitwa TLD kidonge kimoja saa tatu usiku, na zile za kuzuia TB, isoniazidi. Sasa nyayo zinamuwaka kama kakanyaga makaa, vidole vina ganzi, usiku halali anageuka geuka mpaka adhana ya alfajiri, jana kaniambia bora aache maana kabla ya dawa hakuwa na shida hizi. Nimelia sana, mama tulimzika 2003, dawa za bure zimekuja mwaka uliofuata. Hii ni ugonjwa au ni dawa?

Mzee wa Dozi: Pole sana dada angu. ASIACHE hata siku moja. Mimi nyayo ziliniwaka hivyo hivyo kipindi cha isoniazidi, ile dawa inapunguza vitamini B6 mwilini ndo mishipa ya fahamu inalalamika, kwa kawaida inatolewa na B6 pamoja, muulize kama alipewa. Virusi vyenyewe navyo vinaweza kuleta ganzi, pombe pia, kwa hiyo asijitibu kwa kukisia arudi CTC kesho, asingoje tarehe ya kliniki.

Mama Wawili: Hata mlonge unasaidia ganzi, awe anachemsha

Nesi wa Zamu: Mama Wawili mlonge ni mboga nzuri ila hauchukui nafasi ya vidonge vya B6, tusimcheleweshe mgonjwa. Dada, kukosa usingizi mara nyingi ni dolutegraviri iliyomo kwenye TLD, amwambie mhudumu wamhamishie asubuhi, wengi wanalala vizuri baada ya hapo. Ila nisikilize hapa, wiki za mwanzo kinga ikianza kuamka inaweza kuibua TB iliyokuwa imejificha, akipata homa, kikohozi, jasho la usiku au tezi za shingo zikivimba aende siku hiyo hiyo. Kichwa kikali kisichoisha nacho usikichukulie poa. Na macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi hilo ni ini, mkimbizeni hospitali.

Mleta uzi: Asanteni mno jamani. Nimemuuliza, kumbe B6 walimpa, vile vidonge vidogo, akaviacha kabatini akidhani ni vitamini tu vya kuongeza hamu ya kula. Homa hana. Nimeomba ruhusa kazini, asubuhi naenda nae.