Kutoka Minneapolis kwenda Stuttgart: kazi zikoje huko sasa?

Kutoka: Dada, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mume wangu ni fundi mitambo, amepata ofa kwenye kiwanda cha vipuri vya magari karibu na Stuttgart. Hapa mshahara si mbaya, ila kila zikisikika habari za kupunguza watu tunalala roho juu. Ndugu mmoja ananiambia Ujerumani mtu hafukuzwi kazi. Mwingine anasema uchumi wa huko umelala, tusithubutu. Tuna watoto wawili, mdogo ana pumu. Aliyeishi pande zote mbili atusaidie.

Kutoka: Kaka, Esslingen

Marahaba dada, poleni na majukumu.

Mimi nimefanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo nitakueleza niliyoyapitia. Mwaka 2009 nilikuwa Columbus, Ohio, kwenye karakana ya kukata vyuma. Asubuhi moja nimefika zamu, kadi yangu ya mlango ikawaka taa nyekundu. Msimamizi akatoka na boksi. Ndani kulikuwa na viatu vyangu vya kazi, kikombe, na picha ya mwanangu niliyokuwa nimeibandika kwenye kabati, gundi bado iko nyuma yake. Dakika kumi hazikuisha nikawa kwenye maegesho ya magari. Sikuwa na kosa. Kule, isipokuwa mkataba wako useme vingine, mwajiri anaweza kukuachisha leo hii bila kutoa sababu. Oktoba ya mwaka ule ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa bima. Sheria inakuruhusu kubaki kwenye bima ya kazini kwa kawaida hadi miezi 18, lakini unalipa mwenyewe mpaka ile sehemu aliyokuwa analipa mwajiri. Mtu amepoteza mshahara, halafu bima inapanda. Dada, wewe una mtoto wa pumu, unajua bei ya dawa za kuvuta.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka huohuo wa 2009 uchumi wa Ujerumani ulianguka kuliko wa Marekani, kwa zaidi ya asilimia 5. Hata hivyo watu wengi walibaki kazini. Sababu kubwa ni kitu wanachokiita Kurzarbeit. Kiwanda kikikosa oda, badala ya kuwatoa watu 30 kati ya 100, wote 100 wanapunguziwa saa. Saa ulizofanya kazi unalipwa na mwajiri. Kwa zile zilizokatwa, fedha za Agentur für Arbeit, yaani ofisi ya kazi ya serikali, zinafidia asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, au 67 ukiwa na mtoto. Mimi niliionja mwaka 2020, wakati wa korona. Chukua mfano: mkononi unapata yuro 2,300, saa zikakatwa mpaka mkononi unapoteza 1,150, unarudishiwa kama 770. Unabaki na 1,920 hivi. Tulibana matumizi, lakini hatukukosa kulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja. Aprili ile tuliopunguziwa saa tulikuwa karibu milioni 6 nchi nzima. Oda ziliporudi, tuliowasha mashine ni sisi wenyewe tunaojua inapokwama.

Mwezi huohuo Marekani ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14. Serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya fao la jimbo kwa wasio na kazi mpaka mwisho wa Julai, na wapo waliopata kuliko mishahara yao. Lakini baadhi walikuwa wameshakatwa kabisa na waajiri wao, ikabidi waanze upya kutafuta. Na niseme haki: walipata. Kufikia mwanzo wa 2023 ukosefu wa ajira ulishuka hadi asilimia 3.4. Mimi mwenyewe Columbus niliajiriwa tena kwa mahojiano ya nusu saa. Hapa nimesubiri miezi minne kujibiwa barua moja ya maombi.

Sasa hali ya leo. Uchumi wa hapa ulisinyaa mwaka 2023, ukasinyaa tena 2024. Agosti 2025 wasio na kazi walivuka milioni 3. Na vipuri vya magari ndiko kunakovuja zaidi, dada. Simwambii shemeji asije. Namwambia aulize kiwanda kinatengeneza nini: kama ni vya injini za dizeli peke yake, mimi ningeogopa.

Tena hilo la "hafukuzwi" si kweli. Miezi sita ya kwanza huwa ya majaribio, na hapo notisi ni wiki mbili tu. Akimaliza miezi sita, kwenye kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 10, ndipo sheria inamlinda na mwajiri lazima awe na sababu. Kwa hiyo ushauri wangu: atangulie yeye, wewe na watoto mbaki huko mpaka miezi sita iishe. Msiuze gari.

Kutoka: Dada, Nuremberg

Kaka amesema vizuri, naongeza moja kwa uchungu. Mwaka juzi niliitwa ofisini, nikapewa chai, nikaambiwa kwa upole nisaini karatasi ya "kuachana kwa makubaliano", Aufhebungsvertrag. Nikasaini palepale kwa adabu zetu za kutokatalia wakubwa. Nilipokwenda kuomba fao nikaambiwa nimeacha kazi kwa hiari, wiki 12 sipati kitu. Mwambie mumeo karatasi yoyote aende nayo nyumbani, aonyeshe Betriebsrat, ile kamati ya wafanyakazi, au wakili.

Kufukuzwa kwa WhatsApp au barua pepe hakuna nguvu hapa, lazima karatasi yenye saini ya mkono. Akiipokea, ana siku 3 za kujiandikisha ofisi ya kazi na wiki 3 za kwenda mahakama ya kazi. Uhamiaji nao waambiwe ndani ya wiki mbili. Tarehe hizo zibandikwe kwenye friji.

Kutoka: Dada, Minneapolis

Asanteni mno. Na mtoto je, baba akikosa kazi?

Kutoka: Kaka, Esslingen

Baba akiwa kwenye bima ya umma, watoto wanaingia humohumo bila kulipiwa zaidi. Akipoteza kazi na akastahili fao, ofisi ya kazi ndiyo inayolipia bima. Kustahili ni awe amechangia angalau miezi 12 ndani ya miezi 30 ya nyuma, ndiyo maana mwaka wa kwanza mje na akiba. Wangu naye ana pumu, dawa yake hatujawahi kuikosa.

Na shemeji akiugua, abaki nyumbani, apeleke taarifa asubuhi ileile. Kwa kawaida wiki sita mwajiri analipa mshahara kamili. Mimi mwaka wa kwanza nilikwenda kazini na homa kwa mazoea ya Ohio, mwenzangu wa zamu akanirudisha mlangoni akisema nitawaambukiza wote.

Kutoka: Dada, Minneapolis

Nimemsomea yote. Ameshaandika kuuliza kuhusu injini. Wakijibu nitawaletea.